Gari linalowaka leo na kugoma kesho: namna ya kuusaka ubovu usiotulia

Gari lililokufa kabisa humpa fundi kazi nyepesi, kwa kuwa ubovu wake upo palepale asubuhi na jioni ukingoja kupimwa. Taabu huletwa na gari linalowaka siku nyingi mfululizo bila shida, likagoma mara moja katika maegesho ya soko, kisha likawaka lenyewe baada ya nusu saa kana kwamba halikuwa na lolote. Likifikishwa gereji huwaka kwa mzunguko wa kwanza wa ufunguo, fundi hana cha kuona, na ndipo huanza mtindo wa kubadilisha vifaa kwa kubahatisha: leo betri, wiki ijayo stata (mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake), mwezi ujao plagi, huku ugonjwa wenyewe haujaguswa. Maelezo haya yanamlenga mwenye gari la namna hiyo, hasa yale magari madogo ya petroli kutoka Japani yaliyojaa katika barabara za Afrika Mashariki, kama Toyota IST, Vitz, Probox na Premio, ingawa sehemu kubwa inalifaa gari lolote la petroli linalotumia umeme wa volti 12.

Kanuni inayotawala kazi yote ni kwamba ubovu unaokuja na kuondoka hupimwa wakati upo. Kwa hiyo gari likigoma mahali salama, jambo la kwanza si kulilazimisha liwake. Anayezungusha ufunguo mara ishirini, anayetikisa vichwa vya betri na anayeita vijana wasukume, wote hao wanaufukuza ushahidi kabla haujaonekana, na gari likiwaka huondoka nao. Dakika tano za mwanzo, ambapo gari bado limegoma na hakuna kilichoguswa, hufundisha zaidi kuliko siku nzima ya gereji.

Maandalizi kabla ya mgomo

Ndani ya gari kuwe na maltimita ya kidijitali, ambayo hata ile ya bei nafuu inatosha, spana namba 10 inayofungua vichwa vya betri vya magari mengi ya Kijapani, tochi, na taa ya majaribio, yaani balbu ndogo ya volti 12 iliyounganishwa na nyaya mbili zenye ncha. Wengi huidharau balbu hii baada ya kununua maltimita, lakini kuna ubovu ambao maltimita hudanganyika nao na balbu haidanganyiki: waya ulioliwa na kutu kiasi kwamba haupitishi mkondo wa maana huweza kuonyesha volti 12 kwenye maltimita, ila ukitakiwa kuwasha balbu hushindwa.

La pili ni kuweka kumbukumbu, kwenye daftari au kwenye simu. Kila mgomo uandikwe: saa, injini ilikuwa baridi au moto, gari lilikuwa limezimwa kwa muda gani, mvua au jua, mafuta kiasi gani kwenye tangi, ufunguo upi ulitumika, sauti gani ilisikika, na gari lilikubali kuwaka baada ya nini. Baada ya migomo michache sura ya ugonjwa huanza kuonekana. Gari linalogoma alfajiri tu, baada ya kulala usiku kucha au kukaa siku mbili, linaelekeza kwenye betri au kitu kinachonyonya umeme wakati gari limezimwa. Linalogoma dakika kumi hadi thelathini baada ya kuzimwa likiwa na joto, kisha likawaka likipoa, linaelekeza kwenye sensa, stata au mfumo wa mafuta. Linalogoma baada ya mvua au baada ya injini kuoshwa lina unyevu mahali fulani, na linalogoma mshale wa mafuta ukiwa chini linahitaji pampu yake itazamwe. Hizi ni dalili za kuelekeza macho, si hukumu.

Je, stata inazungusha injini?

“Gari haliwaki” ni malalamiko yasiyomsaidia fundi yeyote, kwa sababu yanachanganya magonjwa mawili yasiyo na uhusiano. Katika ugonjwa wa kwanza stata haizungushi injini kabisa au inaizungusha kwa kujikongoja. Katika wa pili stata inazungusha kwa kasi yake ya kila siku, lakini injini haishiki moto. Mwenye gari ambaye anaweza kusema kwa uhakika ni upi kati ya hiyo miwili ameshapunguza nusu ya kazi na pengine zaidi ya nusu ya gharama.

Ikiwa stata haizungushi, washa taa kubwa za mbele, elekea ukuta au mwombe mtu asimame mbele, kisha zungusha ufunguo mara moja tu huku taa zikitazamwa. Zikififia sana au kuzimika, umeme ni haba: betri imechoka, au kuna kiungo kilicholegea au kuota kutu kati ya betri na gari. Zikibaki na mwanga uleule na stata ikawa kimya kabisa, umeme upo ila amri ya kuzungusha haijafika kwenye stata. Zikibaki na mwanga uleule lakini ukasikika mlio mmoja mzito wa “tak”, amri imefika, solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata) imevuta, ila mkondo mkubwa haujapita kwenda kwenye mota ya stata. Mlio wa harakaharaka wa “tikitikitiki” mara nyingi ni betri dhaifu: solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena.

Betri na viungo vyake

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu kuliko pengine popote, kwa kuwa hapa ndipo ubovu mwingi wa aina hii unapojificha, na pia ndipo watu wanapotumia fedha nyingi bila sababu.

Betri hupimwa kwanza ikiwa imepumzika. Iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu juu zisizo za kweli, kwa hiyo iache kwa saa kadhaa, au washa taa kubwa kwa dakika mbili na kuzizima, kisha pima. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa, 12.4 ni takribani robo tatu, 12.2 ni takribani nusu, na chini ya 12.0 ni betri ambayo haina nguvu ya kutegemewa. Kipimo hicho hakitoshi. Betri yenye seli iliyochoka huweza kusimama kwenye 12.6 na kuanguka hadi volti 7 mara stata inapoomba mkondo. Kwa hiyo weka ncha za maltimita juu ya nguzo zenyewe za risasi, mwambie mwenzako azungushe ufunguo, na usome tarakimu ya chini kabisa. Betri nzima kwenye hali ya hewa yetu haipaswi kushuka chini ya volti 9.6, na nyingi hubaki juu ya 10. Ikianguka chini ya hapo ilhali ilikuwa imejaa, imekwisha, hata kama ina miezi michache. Joto huiua betri ya risasi haraka, na betri iliyowekwa karibu na injini katika mji wa pwani isitarajiwe kudumu kama ya nchi ya baridi.

Ikiwa betri imesimama vizuri kwenye kipimo hicho na stata bado inajikongoja, nguvu inapotea njiani, na kuna njia ya kujua inapotelea wapi bila kufungua chochote. Maltimita ikiwa kwenye volti, gusa nguzo ya risasi kwa ncha moja na kichwa cha waya kilichoikaba nguzo hiyohiyo kwa ncha nyingine, kisha stata ipigwe. Vitu viwili vilivyoshikana vizuri havina tofauti ya volti ya kuhesabika kati yao. Ukiona nusu volti, au volti mbili, umeiona kutu usiyoweza kuiona kwa macho. Rudia kipimo hicho kutoka nguzo ya hasi hadi kwenye chuma tupu cha injini, ambapo tofauti isizidi volti 0.3 hivi wakati stata inapigwa, na kutoka nguzo ya chanya hadi kwenye boliti nene ya stata, ambapo isizidi 0.5. Zaidi ya hapo, waya au kiungo cha njia hiyo ndicho mshukiwa.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinafanya kazi hata siku ambayo gari limewaka. Kiungo kinachokataa mara moja kwa wiki mara nyingi ni kibovu nusu wakati wote, ila siku nyingine nusu hiyo hutosha. Kwa hiyo hii ndiyo sehemu pekee ambayo kanuni ya kupima wakati wa mgomo inaweza kulegezwa, na ndiyo sababu inafaa ifanywe mapema.

Waya wa ethi unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini husahauliwa kila mara. Gari lililowahi kugongwa na kupakwa rangi upya, au lililowahi kushushwa injini, linaweza kuwa na boliti ya ethi iliyofungwa juu ya rangi au juu ya kutu. Ifungue, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu yake. Vichwa vya betri navyo vina hadithi yao: betri za ukubwa wa NS40 na NS60 hupatikana zenye nguzo nyembamba na zenye nguzo nene, na muuzaji asiyejali humpa mteja yoyote iliyo dukani. Kichwa kisipokaba, fundi wa barabarani hupachika msumari au kipande cha bati kati yake na nguzo, na gari huondoka likiwaka. Kazi ya namna hiyo ni kupanda ubovu wa kesho. Nunua kichwa cha ukubwa unaofaa. Unapofungua betri, anza na hasi, na unapofunga, hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya isizue cheche.

Baada ya gari kuwaka, pima tena kwenye betri. Volti kati ya 13.8 na 14.5 huonyesha kwamba altaneta, yaani jenereta ya gari inayozungushwa na injini kwa mkanda, inachaji. Zikibaki 12 na ushei, angalia mkanda kabla ya kuilaumu altaneta yenyewe. Ikumbukwe pia kwamba gari linalotembea kilomita tatu kwenda kazini na kukaa saa nzima kwenye foleni ya Dar es Salaam au Nairobi, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi na taa zikiwaka, huenda lisipate muda wa kuirudishia betri kilichotumika, na hilo si ubovu wa kifaa chochote.

Kama betri ni nzima na inachajiwa lakini asubuhi iko chini, tafuta kinachonyonya. Zima kila kitu, funga lachi za milango kwa bisibisi ili gari lidhani imefungwa, ondoa kichwa cha hasi, weka maltimita kwenye ampia 10 na uiunganishe kati ya nguzo ya hasi na kichwa hicho. Ngoja nusu saa kompyuta za gari zilale. Mkondo uliobaki usizidi miliampia 50. Ukizidi, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka tarakimu ishuke, na fyuzi iliyoishusha itakutajia ukoo wa mkosaji. Usithubutu kupiga stata wakati maltimita imeunganishwa namna hiyo, kwa kuwa fyuzi yake ya ndani itakatika papo hapo. Mara nyingi mkosaji si kifaa cha kiwandani bali kile kilichoongezwa baadaye: redio ya skrini kubwa, kamera ya dashibodi, alamu, au kifaa cha kufuatilia gari.

Stata iliyonyamaza na stata inayopiga “tak”

Amri ya kuzungusha stata husafiri njia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Hutoka kwenye betri, ikapita kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo, ikaenda kwenye swichi ya gia inayohakikisha gari liko kwenye P au N, ikapita kwenye relei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, kisha ikashuka kwa waya mwembamba hadi kwenye solenoidi ya stata. Kiungo kimoja kikikatika, stata hunyamaza ilhali taa zote za dashibodi zinawaka vizuri.

Gari la otomatiki likinyamaza, kanyaga breki, sogeza gia kutoka P kwenda N, jaribu tena. Likiwaka kwenye N na kukataa kwenye P, swichi ya gia imechakaa au imesogea. Kwenye magari mengi ya gia za mkono kuna swichi kama hiyo kwenye pedali ya klachi. Kwa gari la kuwashwa kwa kitufe, tazama taa za breki nyuma: zisipowaka ukikanyaga pedali, swichi ya breki ndiyo inayozuia, kwa kuwa kitufe hakitatoa amri bila taarifa hiyo. Betri ndogo ya ufunguo nayo ikiisha, katika Toyota za aina hii ufunguo hugusishwa kwenye kitufe chenyewe, kisha kitufe kikabonyezwa breki ikiwa imekanyagwa. Relei hujaribiwa kwa kuibadilisha nafasi na nyingine inayofanana nayo kabisa katika boksi hilohilo la fyuzi. Swichi ya ufunguo huchakaa taratibu, hasa kwa dereva anayening'iniza rundo zima la funguo za nyumba na za duka. Ikiwa kuutikisa ufunguo kidogo katika nafasi ya kupiga stata huliamsha gari, hapo ndipo pa kuanzia.

Swali linaloamua kila kitu ni moja: wakati wa mgomo, je, umeme unafika kwenye waya mwembamba wa stata? Katika magari mengi stata imefichwa chini, na haiwezekani kumwambia mama aliyevaa nguo za kazini alale uvunguni mwa gari kila linapogoma. Suluhisho ni mtego. Fundi aunganishe waya mmoja mwembamba kwenye kichwa cha waya wa amri pale kwenye stata, aweke fyuzi ndogo karibu kabisa na hapo, aupitishe mbali na ekzosi, auingize ndani ya gari na kuumalizia kwa balbu ndogo chini ya dashibodi, upande wa pili wa balbu ukiwa kwenye ethi. Tangu siku hiyo balbu itawaka kila stata inapopigwa. Siku ya mgomo dereva hutazama tu. Balbu ikiwaka kwa mwanga wake wa kawaida na stata isizunguke, mgonjwa ni stata au nyaya zake nene. Isipowaka, au ikiwaka kwa mwanga hafifu, ubovu uko nyuma yake, kwenye swichi, relei au nyaya. Kwa maltimita, waya huo ukiwa na chini ya volti 8 hivi wakati wa kuzungusha ufunguo, solenoidi ina haki ya kukataa.

Stata inayopiga “tak” moja nzito na kukataa, kisha ikakubali baada ya kujaribu mara tatu au kumi, ina sababu moja inayojulikana sana kwenye Toyota zenye stata za Denso. Ndani ya solenoidi kuna vipande viwili vya shaba ambavyo huunganishwa na bamba la shaba kila stata inapopigwa. Kila mara cheche hula kidogo, na baada ya miaka kimoja huwa kimeisha kuliko kingine, kiasi kwamba bamba hugusa siku moja na kukosa siku nyingine. Dalili ni hiyohiyo: taa hazififii, mlio mmoja, kimya. Tiba ni kubadilisha vipande hivyo viwili, na bamba lake pamoja na kitako chake likiwa limeliwa, kazi ambayo fundi umeme wa magari aliyezoea huifanya kwa gharama ndogo. Kununua stata nzima ya mtumba kwa ugonjwa huu ni kubadilishana shaba iliyokwisha kwa shaba isiyojulikana imebaki kiasi gani. Mafundi umeme wengi wakiwa wameishusha stata hukagua pia urefu wa kaboni zake, yaani brashi zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, nao hufanya vyema.

Wapo wanaoigonga stata kwa fimbo ikawaka. Kugonga ni kipimo, tena kizuri: stata inayoamka kwa kugongwa ina kaboni zilizochakaa au shaba zilizoliwa. Si tiba. Na kugongwe polepole, kwa mti, kwa kuwa baadhi ya stata ndogo zina sumaku za kudumu zilizogandishwa ndani, nazo hupasuka kwa nyundo. Mbinu ya kuunganisha boliti za stata kwa bisibisi ukiwa chini ya gari iachwe kabisa: gari likiwa kwenye gia litakupita juu. Hata kwenye vipimo vya kawaida, gia iwe P au huru, breki ya mkono ivutwe, na mikono ikae mbali na mikanda na feni, maana feni ya umeme huweza kuanza yenyewe.

Injini inapozunguka bila kushika moto

Hapa kazi ni nyingine. Betri na stata zimetimiza wajibu wao, kwa hiyo asiyejua hugharimika akibadilisha vitu vizima. Kabla ya kufungua boneti, weka ufunguo kwenye ON bila kupiga stata na usome dashibodi. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, kompyuta ya injini haipati umeme, kwa hiyo anza na fyuzi na relei iliyoandikwa EFI, yaani ya mfumo wa kupuliza mafuta unaoongozwa na kompyuta. Taa ya usalama, yenye picha ya ufunguo au kufuli, ikiendelea kumetameta ufunguo ukiwa kwenye ON, kompyuta haijautambua ufunguo, na injini itazunguka bila kuwaka, au itawaka na kuzima baada ya sekunde moja au mbili. Jaribu ufunguo wa pili, na uondoe funguo nyingine zenye chipu zilizo karibu.

Kisha piga stata ukitazama mshale wa mizunguko ya injini. Katika magari mengi hunyanyuka kidogo na kuchezacheza. Ukilala kabisa kwenye sifuri ilhali injini inazunguka, mshuku sensa ya krenki, yaani ile inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini, ingawa si dashibodi zote zinazoonyesha mizunguko midogo hivyo, na kisomaji cha hitilafu kinachoonyesha mizunguko wakati wa kupiga stata ni shahidi bora zaidi. Sensa hii ndiyo inayoiambia kompyuta lini itoe cheche na lini ifungue nozeli za mafuta. Yenye hitilafu hufa ikipata joto na kufufuka ikipoa, na ndiyo maana gari hugoma kituo cha mafuta baada ya safari ndefu na kukubali dakika arobaini baadaye. Wakati wa mgomo, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kikiwekwa juu ya sensa na gari likawaka baada ya dakika chache, ushahidi ni mzito. Namba ya hitilafu P0335 huihusu sensa hii, na P0340 ile ya kemu, yaani shafti inayofungua valvu, lakini kutokuwepo kwa namba si uthibitisho wa uzima. Ijulikane pia kwamba magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hayaelewani na visomaji vya bei nafuu vya kuunganisha na simu, kwa hiyo kifaa kikisema hakuna mawasiliano, tafuta fundi mwenye kisomaji kinachozijua Toyota za Kijapani.

Upande wa mafuta kuna kosa la kawaida la kusikiliza pampu ufunguo ukiwa ON, na pampu ikinyamaza inahukumiwa kuwa imekufa. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000 pampu haifanyi kazi mpaka stata ipigwe au injini iwe inazunguka, kwa hiyo msikilizaji akae kiti cha nyuma wakati mwenzake anapiga stata. Kipimo cha kweli ni presha: kwa injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,497, iliyo ndani ya IST na Probox nyingi, presha ya mafuta inapaswa kuwa takribani kilopaskali 304 hadi 343. Pampu huogea ndani ya petroli na kupozwa nayo, hivyo dereva anayeishi na taa ya akiba ikiwaka anaipika. Pampu inayoamka baada ya sehemu ya chini ya tangi kugongwa kwa kiganja iko mwishoni mwa safari yake. Harufu kali ya petroli baada ya kupiga stata kwa muda mrefu humaanisha injini imelowa: kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, ishikilie hapo, piga stata kwa sekunde chache, na katika magari mengi kompyuta itapunguza au kukata mafuta ili injini ijikaushe. Cheche zipimwe kwa kifaa chake maalumu, si kwa kushikilia koili mkononi karibu na mvuke wa petroli.

Kuna mshukiwa mmoja ambaye vitabu vya kiwanda havimtaji kamwe, nami ningemweka karibu na kichwa cha orodha kwa gari la hapa kwetu: alamu ya dukani na kifaa cha kufuatilia chenye uwezo wa kuzima injini. Mfungaji hukata waya wa swichi, wa stata au wa pampu, akaweka relei yake ndogo katikati, akafunga kwa tepu na kuficha nyuma ya dashibodi. Tepu hulegea kwa joto, relei huchoka, na gari huanza kugoma bila mpangilio wowote unaoeleweka, mara likinyima stata, mara likizunguka bila kushika. Pinda chini ya usukani kwa tochi na utafute maungio yaliyofungwa kwa tepu. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, kifaa hicho huenda ni cha aliyekopesha, kwa hiyo aitwe mfungaji wake akague relei mbele yako badala ya kukiondoa mwenyewe.

Kuuita ubovu uje

Ubovu ukikawia kurudi, unaweza kualikwa. Ule wa joto huitwa kwa kuendesha gari mpaka injini ipate moto kamili, kulizima boneti ikiwa imefungwa, kungoja dakika kumi na tano, kisha kupiga stata. Ule wa nyaya huitwa kwa kuwasha gari likiwa limetulia na kutikisa kifurushi kimoja cha nyaya kwa wakati mmoja, taratibu, mpaka injini ikohoe au taa ya majaribio ipepese. Ule wa unyevu huitwa kwa chupa ya kunyunyizia ukungu wa maji sehemu moja baada ya nyingine, usiku, ambapo cheche inayovuja huonekana kwa macho. Badilisha jambo moja tu kila mara. Anayesafisha vichwa vya betri, akabadilisha relei na kukaza ethi siku moja, hatajua ni kipi kilichoponya, na gari likigoma tena atakuwa amerudi alipoanzia.

Ukilipeleka gari kwa fundi, mpelekee kumbukumbu na tarakimu badala ya jina la kifaa unachodhani kimekufa, kwa maana ukimwambia “nibadilishie stata” ataibadilisha. Mwombe akurudishie kifaa cha zamani, na stata ikifunguliwa uzitazame shaba zenyewe. Baada ya matengenezo rudia kipimo kilekile kilichoonyesha ubovu, katika hali ileile uliyokuwa ukijitokeza. Kama ilikuwa volti 1.4 zilizopotea kwenye njia ya hasi, leo ziwe chini ya 0.3, na kama ilikuwa mgomo wa injini moto, gari lizimwe likiwa moto na kuwashwa mara kadhaa kabla fundi hajalipwa. Balbu ya mtego ibaki mahali pake kwa miezi michache zaidi.